Jina Lililotoka kwa Jirani: Majina ya Ukoo ya Wacheki

Wengi wetu huliona jina la ukoo kuwa cheti cha nasaba: ukilifuata nyuma, utamfikia babu wa kwanza na kumjua alivyokuwa. Majina ya Wacheki hayakubali kusomwa hivyo. Hoja yangu ni kwamba yalitoka vinywani mwa majirani, yakakamatwa na kalamu za makarani, na kwa hiyo yanatueleza zaidi kuhusu kijiji kilichokuwa kikimtazama mtu kuliko kuhusu mtu mwenyewe. Chukueni Novák, jina linalojulikana kuliko yote nchini Ucheki. Maana yake ni mgeni, mtu aliyehamia karibuni. Lakini hakuna aliye mgeni kwao. Aliitwa hivyo pale alipofika, na wale waliomtangulia. Němec ni Mjerumani, na katika kijiji cha Wajerumani jina hilo lisingemtofautisha yeyote. Horák, mtu wa milimani, lina kazi kwa watu wa bondeni tu. Hata Svoboda, yaani uhuru, lilipata uzito kwa sababu wengi waliomzunguka huyo mtu huru walikuwa watwana wa bwana mwenye ardhi, wasioweza kuoa wala kuhama bila idhini yake, hali iliyodumu hadi 1781. Ndiyo maana akina Novák wawili wanaokutana leo mjini Praha si lazima wawe ndugu: kila kijiji kilipata wageni wake, kikawaita vilevile. Watu wa Moravia, upande wa mashariki wa nchi hiyo, walikwenda mbali zaidi, wakageuza tendo moja kuwa jina: Navrátil, alirudi, Pospíšil, aliharakisha, Vyskočil, aliruka. Alirudi kutoka wapi, na kwa nini watu walishangaa? Waliolitunga walijua, na kwao hilo lilitosha.

Mtu aweza kunipinga kwa majina ya kazi. Kovář ni mhunzi, Krejčí ni mshonaji, Tkadlec ni mfumaji. Hapo je, jina halimsemi mwenyewe? Linamsema aliyelipata kwanza, nakubali, lakini kwa warithi wake ushahidi huo hulegea haraka. Antonín Dvořák, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Nelahozeves mwaka 1841, ana jina linalotokana na shamba kubwa au ua wa bwana, ilhali baba yake alikuwa mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingi za Bohemia, upande wa magharibi wa nchi, jina lilishikamana na nyumba, si na damu. Mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba, au aliyelinunua, aliweza kuitwa kwa jina la shamba hilo na kuacha la baba yake, hata ndugu wa tumbo moja wakaandikwa tofauti katika vitabu vya parokia. Karani mwangalifu aliandika yote mawili, akiweka kati yake neno “jinak”, yaani “kwa jina jingine”. Utawala wa Kaisari Joseph wa Pili ndio uliokomesha mabadiliko hayo katika miaka ya 1780, kwa kuamuru majina yawe ya kudumu na ya kurithiwa. Mwaka 1787 Wayahudi nao waliamriwa kuchukua majina ya Kijerumani.

Linabaki swali la wanawake. Mke wa Novák huitwa Nováková, na kiambishi hicho cha -ová kina asili ya umilikishi. Tangu Januari 1, 2022, mwanamke yeyote aweza kuchagua umbo lisilo na kiambishi. Kabla ya hapo alihitaji sababu, kama vile kuolewa na mtu wa taifa jingine. Wapinzani wa mabadiliko hayo wanasema sarufi inaumia, kwa kuwa nomino za Kicheki hubadilika mwisho kufuatana na nafasi yake katika sentensi, na jina la mwanamke lililoondolewa -ová kwa kawaida halibadiliki. Pingamizi hilo ni la kweli, na wahariri wanalikabili. Hata hivyo, halinishawishi kuirudisha sheria ya zamani, kwa sababu iliyoguswa si kanuni ya lugha, bali ni nani mwenye haki ya kuamua jina litakaloandikwa kwenye rejista, na safari hii ni yule atakayeitwa kwalo.