Maziwa Peke Yake Hayatoshi

Tukisikia mtoto amedumaa, akili zetu hukimbilia chakula: uji wa lishe, yai, dagaa. Ni sawa kabisa. Ila leo nakupeleka Kingston, Jamaika, ambako mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walikwenda hatua moja mbele ya chakula.

Mwaka 1986 na 1987 walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini. Wengine walipewa kilo moja ya maziwa maalumu ya unga kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, saa moja kila wiki. Kundi la tatu likapata vyote viwili, la nne halikupata hata kimoja. Mpango ukaenda miaka miwili.

Mhudumu alifika na vitu vya kuchezea, vingi vya kutengenezwa kwa mikono kutokana na vitu vilivyotupwa. Hakucheza na mtoto huku mama yuko jikoni; mama alishirikishwa, kwa kuwa yeye ndiye angebaki naye. Mhudumu akiondoka aliviacha vitu hivyo, wiki iliyofuata akaleta vingine. Mama alihimizwa azungumze na mtoto akimwogesha, amtajie vitu, amsifie.

Huku kwetu ukipiga soga na mtoto wa miezi kumi barazani, mpita njia atauliza unaongea na nani. Mwache apite.

Wale watoto walipofika miaka 22 walitafutwa, wakapatikana 105. Waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 hivi kuliko waliodumaa wenzao wasiotembelewa. Maziwa yaliwasaidia utotoni, lakini ukubwani faida yake haikuonekana tena. Kimo? Mchezo haukuwaongezea.

Tanzania, takwimu za 2022 zinaonyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kliniki tunapima uzito vizuri, lakini ni nadra mama kuulizwa: jana ulicheza naye nini?

Basi anza na chupa tupu ya maji. Ioshe, tia kokoto chache, ilie ikitikiswa. Kifuniko ukikaze kwelikweli na ukikague kila siku, maana mtoto mdogo kila kitu hupeleka mdomoni.