Kazi Tele, Ajira Haba: Wanawake wa Rwanda Baada ya 1994

Kinyarwanda kina kitenzi *kugemura*: kumpelekea mtu chakula pale alipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 neno hilo lilipata uzito ambao halikuwa nao zamani. Magereza ya Rwanda yalikuwa yamefurika watu zaidi ya 120,000 walioshukiwa kushiriki mauaji ya kimbari, karibu wote wanaume, na chakula cha gereza hakikutosha. Nje ya malango walipanga foleni wake, mama na dada zao, kila mmoja na sufuria au kikapu cha maharage na viazi. Wengi walikuwa wametoka nyumbani alfajiri kwa miguu. Siku ya kugemura ilikwisha yote: shamba halikulimwa, sokoni hakikuuzwa kitu, na mtoto mchanga alibaki mgongoni mwa dada yake aliyekuwa mtoto vilevile.

Mtafiti wa ajira angemkuta mmoja wa wanawake hao kwenye foleni na kumuuliza wiki hiyo alifanya kazi gani ya malipo, fomu yake ingeandikwa: hakuna. Mhadhara huu unaanzia hapo. Mara nyingi wanaozungumzia ajira ya wanawake baada ya vita huwachora kama watu waliokaa bure, wanaongoja kupewa mafunzo, cherehani na mkopo. Rwanda inasimulia habari nyingine. Huko mwanamke alishindwa kupata ajira kwa sababu kazi zilikuwa zimemzidi.

Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu zaidi ya 800,000. Waliobaki walihesabu wafu wao, wafungwa wao na waliokimbilia Zaire na Tanzania, na ilipotulia vumbi karibu theluthi moja ya kaya za nchi ziliongozwa na wanawake. Desturi ilikuwa imegawa kazi kwa ukali: kupanda juu ya nyumba kuezeka na kukamua ng'ombe vilikuwa miiko kwa mwanamke. Miiko hiyo haikufutwa na mkutano wowote. Mvua ilinyesha, paa hakuna, mwanamume hakuna, akapanda. Januari 1995 wajane 50 walianzisha chama cha Avega Agahozo, na vikundi vingine vya wanawake vikaanza kujenga nyumba vijijini, kufyatua matofali, kulea mayatima wa majirani. Kazi za wanaume ziliwajia bila zile za zamani kupungua hata moja.

Serikali iliyoshika madaraka haikulala. Aloisea Inyumba, aliyekuwa waziri wa jinsia na familia kuanzia 1994, alisimamia mpango wa kuwapeleka mayatima katika familia badala ya kuwarundika vituoni. Mpango huo unastahili sifa. Ila familia iliyopokea mtoto, kwa vitendo, ilikuwa mwanamke mmoja aliyekwisha kuwa na watoto wanne.

Kisha kulikuwa na sheria. Sheria ya biashara iliyorithiwa tangu ukoloni ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kufanya biashara. Mume akiwa gerezani, idhini ingeombwa kupitia nondo? Kuhusu ardhi, mila iliipitisha kwa watoto wa kiume. Mjane alilima shamba la marehemu mumewe kwa hisani ya mashemeji, na mashemeji walipohitaji shamba hisani ilikwisha. Asiye na ardhi hana cha kuweka rehani benki, na asiye na rehani hapati mtaji. Hivyo mlolongo ulioanzia kwenye mpaka wa shamba uliishia kwenye dirisha la benki.

Wabunge wanawake, waliokuwa wameunda jukwaa lao mwaka 1996 bila kujali vyama, waliusukuma muswada wa kuubadili mlolongo huo. Sheria Na. 22/99 ya Novemba 12, 1999 iliwapa watoto wa kike haki sawa ya urithi na kuruhusu wanandoa kumiliki mali pamoja. Muongo mmoja baadaye likaja zoezi la kupima na kusajili ardhi ya nchi nzima, viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10, na majina ya mume na mke yakaandikwa pamoja kwenye hati. Ni mabadiliko makubwa, na nchi nyingi za jirani zingali zinayaota.

Lakini sheria ilikuwa na tundu. Ilimlinda mke aliyefunga ndoa ya serikali. Aliyeolewa kwa mahari, au kanisani tu, au aliyehamia kwa mwanamume mwaka 1995 kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefiwa na kila mtu, hakuwa mke mbele ya daftari. Wachumi Daniel Ali, Klaus Deininger na Markus Goldstein walipochunguza maeneo ya majaribio ya usajili huo, waliona wake wenye cheti cha ndoa wamenufaika, huku wasio na cheti haki zao zikififia. Hati ileile iliyomfungulia mmoja ilimfungia mwenzake.

Kuna kizuizi kingine ambacho wapangaji wa uchumi hukipita kimyakimya kwa kuwa hakiingii vizuri kwenye jedwali, nacho ni mwili. Mwaka 1996 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, René Degni-Ségui, alikadiria kwamba wanawake waliobakwa wakati wa mauaji walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Wengi waliambukizwa virusi vya Ukimwi. Septemba 2, 1998, mjini Arusha, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kwa mara ya kwanza ubakaji ukahesabiwa kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake wa Taba walisafiri hadi Tanzania kutoa ushahidi, wakarudi kulima wakiwa wagonjwa. Kwa miaka kadhaa vyama vya manusura vililalamika kwamba washtakiwa walipata matibabu kizuizini huku mashahidi wakifa vijijini bila dawa. Mtu wa namna hiyo ukimpa mafunzo ya ushonaji ya miezi sita, hujamwondolea kinachomzuia kufanya kazi.

Muda nao uliendelea kuliwa. Mahakama za kijiji za gacaca, zilizowahukumu washukiwa wa mauaji hayo na kufungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili, ziliwakutanisha wanakijiji mara moja kwa wiki, na kuhudhuria lilikuwa sharti. Umuganda, kazi ya jumuiya, ulichukua asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Haki ilihitajika na barabara zilihitajika. Hata hivyo, mwenye kaya peke yake alilipa asubuhi hizo kwa mfuko ulio tofauti na wa mwenye mke nyumbani.

Mafanikio yapo, na kuyaficha itakuwa uongo. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, waliwakusanya wasusi wa *agaseke*, kikapu chenye mfuniko wa ncha ambacho zamani kilitolewa zawadi harusini, na mwaka 2005 vikapu hivyo vikauzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani. Wajane walisuka pamoja na wake wa wafungwa. Tazama kwa nini ajira hiyo iliwafaa: kikapu kinasukwa nyumbani, mtoto akiwa miguuni, kinawekwa chini maji yakichemka na kuokotwa tena usiku. Haikumtaka mwanamke aache kazi nyingine yoyote. Sifa yake ni hiyo, na upungufu wake ni huohuo.

Juu kabisa, Katiba ya 2003 ilitenga kwa wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Uchaguzi wa 2008 ulileta wanawake 45 kati ya wabunge 80, bunge la kwanza duniani lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Picha zake zilizunguka dunia. Picha ambayo haikuzunguka ni ya msichana kutoka kijijini aliyebaki Kigali akipika na kulea, ili mheshimiwa awahi kikao.

Bunge lilijifunza kwa kukosea. Sheria ya kazi ya 2009 ilimpa mama likizo ya uzazi ya wiki 12, lakini kwa wiki sita za mwisho aliyekataa kurudi kazini angelipwa asilimia 20 tu ya mshahara. Wengi walirudi na maziwa yakiwavuja. Sheria ya 2016 ilirekebisha kwa mfuko wa bima: mwajiri anachanga asilimia 0.3 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 0.3, na mama analipwa kamili. Utaratibu mzuri, kwa mwenye mkataba. Muuza ndizi wa Rubavu anayevuka mpaka kwenda Goma, Kongo, kupitia kivuko cha Petite Barrière, akipatana bei kwa Kiswahili na mzigo kichwani, hana mwajiri wa kuchanga naye. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mtaji wake uliliwa nyumbani.

Mwaka 2017 Jukwaa la Uchumi Duniani liliiweka Rwanda nafasi ya nne kwa usawa wa jinsia, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wanawake walishiriki katika kazi karibu sawa na wanaume. Wakati huohuo kipimo kilikuwa kinabadilika. Wanatakwimu wa kazi walikuwa wamekubaliana Geneva, mwaka 2013, kwamba ajira ni kazi ya malipo au ya faida tu. Anayelima hasa kwa ajili ya chungu chake anafanya kazi, ila hana ajira. Taasisi ya Takwimu ya Rwanda ilianza kutumia kipimo hicho katika utafiti wake wa nguvukazi uliozinduliwa 2016. Jembe halikubadilika, shamba halikubadilika, lakini umati wa wanawake ukatoka kwenye safu ya walioajiriwa. Wapo waliokasirika, wakiona wakulima wamefutwa. Mhadhara huu unaona kipimo kipya kina ukweli zaidi, mradi kisomwe kikamilifu: hakisemi wanawake hawafanyi kazi, kinasema kazi yao hailipwi.

Vita vingine vinaendelea ng'ambo ya Ziwa Kivu, na siku moja vitakwisha. Watakuja wataalamu na miradi ya ajira kwa wanawake wa Goma, Bukavu na Uvira. Wanafunzi wa chuo hiki watakaoajiriwa kwenye miradi hiyo wanaombwa jambo moja: kabla ya kununua cherehani ya kwanza, wahesabu saa. Maji yako umbali gani, kuni zinatoka wapi, nani anakaa na mgonjwa, nani anapeleka chakula gerezani. Waandike majibu hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa bajeti, na wayatengee fedha.