Samaki, Mito na Haki ya Kujua

(Mazungumzo na waamini na viongozi wa walei, Chwaka, Unguja)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya utafiti unaofanywa kuhusu mito na samaki wa maji baridi, katika nyakati hizi ambapo hali ya hewa ya dunia inabadilika. Twafahamu kwamba baadhi yenu, mliposikia mada hii, mmejiuliza: Chwaka na mito, wapi na wapi? Hapa pana ghuba, pana mikoko, pana mwani na pana tasi, mto hapana. Mvua ikinyesha juu ya uwanda wetu wa mawe huzama papo hapo. Hata vijito vya katikati ya kisiwa, vikiyafikia mawe ya matumbawe, vingi hupotea chini ya ardhi.

Swali hilo ni halali. Lakini tutazamane. Wengi tulioketi hapa, walimu, askari, mafundi na wafanyakazi wa mahoteli, tumezaliwa Kigoma, Iringa, Mbeya au Morogoro, na huko nyumbani kuna ziwa au mto unaowalisha wazee wetu. Tena zitazameni taa zilizo juu yetu. Tangu mwaka 1980 Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kwa miaka mingi umeme huo ulitegemea sana mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambayo hulishwa na Mto Ruaha Mkuu. Basi mto huo ukikonda, giza laweza kufika mpaka Chwaka.

Tuanze na Ziwa Tanganyika, kwa maana huko watafiti wamepata jambo lililo wazi kuliko mahali pengi. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, na nchi nne zinalitumia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Maji yake hayachanganyiki mpaka chini. Ya juu yamepashwa joto na jua, nayo ni mepesi; ya chini yana ubaridi zaidi, ni mazito, hayana hewa, lakini yamejaa rutuba iliyozama tangu zamani. Hukaa moja juu ya lingine kama mafuta juu ya mchuzi. Mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula cha mwanzo cha viumbe wa ziwa, huishi juu penye mwanga. Rutuba nayo iko chini. Anayekoroga chungu ni upepo. Kila mwaka, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki, majira yale yale ambayo sisi wa pwani twayaita kusi, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda na rutuba yake. Hapo mimea hustawi, vijidudu huila, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa, na mtu wa Kigoma hula wote wawili.

Sasa, maji ya juu yakizidi kupata joto huzidi kuwa mepesi, na upepo hushindwa kuyakoroga. Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yalichapisha vipimo vya joto la ziwa vilivyolinganishwa na kumbukumbu za tangu mwanzo wa karne ya 20. Kundi moja lilikadiria kwamba uzalishaji wa mimea ile midogo umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba upungufu huo waweza kupunguza samaki kwa kiasi cha asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walichapisha matokeo ya kuchimba matope ya chini ya ziwa. Waliyasoma tabaka kwa tabaka kama mtu asomavyo kurasa, wakahesabu mabaki ya mifupa na meno ya samaki na makombe ya konokono. Waligundua kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara ulioanza katikati ya karne ya 20. Katika maeneo waliyoyapima, sakafu ya ziwa yenye hewa ya kutosha viumbe kuishi ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 38.

Tutulie kidogo hapa. Mvuvi wa Tanganyika ameambiwa miaka mingi kwamba samaki wamekwisha kwa sababu yake: nyavu zake, mitumbwi yake, tamaa yake. Hatusemi kwamba uvuvi haudhuru. Unadhuru, na wavu wa macho madogo haubakizi mbegu. Mwaka 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Lakini utafiti ule unatuambia kwamba sehemu ya deni ni ya watu ambao hawajapata kuonja mgebuka maishani mwao, yaani mataifa yaliyochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja. Mvuvi aliyefunga mtumbwi wake miezi mitatu, watoto wakimtazama, alikwisha lipa sehemu yake. Hao wengine wamelipa nini? Kamati ya Haki na Amani isipouliza swali hilo, hatuoni ni kazi gani nyingine iliyo yake.

Mto Ruaha Mkuu, kwa upande wake, una habari iliyo kinyume kabisa. Mto huo hukusanya maji kutoka milima ya Poroto na Kipengere, huyatandaza katika tambarare ya Usangu na kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka penye mwamba wa Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hadi Mtera. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko husongamana katika madimbwi yaliyosalia, na samaki hufa humo, kwa sababu dimbwi dogo lenye joto huishiwa hewa.

Lawama zilipata mwenyewe upesi: wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Wengine walisema ni ukame tu, mbingu zimefunga. Ila watafiti waliokaa Usangu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na waliowafuata, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walifanya kazi ya kuchosha ya kupima mifereji. Katika kumbukumbu za mvua hawakuona sababu ya kutosha ya mto kukatika. Ng'ombe nao, pamoja na wingi wao, hawakuwa wamekunywa mto mzima. Walichokiona ni mifereji ya mashamba ya mpunga, makubwa na madogo, iliyoendelea kuchukua maji wakati wa kiangazi, hata pale mpunga ulipokuwa umekwisha vunwa. Na sehemu ya maji hayo ilipotea bure njiani na mashambani.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza lengo kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu uwe unatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakaelekea Lindi na Pwani; na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika. Mto uliendelea kukatika. Familia zilikuwa zimekwisha kuhama, ng'ombe wengi wamekwisha kufa njiani, na mifereji ilikuwa pale pale. Vipimo vilikuwapo, ndugu wapendwa. Lakini aliyehukumiwa hakuwa yule aliyeonyeshwa na vipimo.

Tumeweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Kule Tanganyika ni joto lililokuja kutoka mbali, na aliyelaumiwa ni mvuvi. Kule Usangu ni mfereji ulio karibu, na waliolaumiwa ni mfugaji na mbingu. Kwa macho matupu mambo haya mawili yanafanana: samaki hawapo, maji hayapo, watu wana njaa. Ni kipimo tu, kilichochukuliwa kwa uvumilivu mwaka baada ya mwaka, kinachoweza kuyatofautisha. Maneno "mabadiliko ya tabianchi" ni ya kweli, na madhara yake ni ya kweli. Lakini siku hizi yamekuwa pia kama zulia, yanafunika vumbi ambalo mtu fulani alipaswa kulifagia. Yakishatajwa mkutanoni, kila mtu huinamisha kichwa kana kwamba ameambiwa ni amri ya Mungu. Wala hatupendi kuona jina la Mungu likibebeshwa kazi ya koki iliyoachwa wazi.

Ndiyo maana tunasema kwamba kujua ni sehemu ya haki. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Bara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba mto wenyewe na viumbe vyake wanapaswa kubakiziwa maji. Lakini mwanakijiji asiyejua ni maji kiasi gani yaliyopita, na nani aliyeyachukua, ataidai haki hiyo kwa mdomo gani?

Sasa turudi huku kwetu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu mwaka 1978, na Ghuba ya Chwaka ni miongoni mwa ghuba zilizochunguzwa sana katika pwani yetu. Watu wamehesabu majani ya bahari, mikoko ya Mapopwe na samaki waliomo ndani ya dema. Mwaka 2012 kilitolewa kitabu kizima juu ya ghuba hii, watu wake na utafiti wake; kimeandikwa kwa Kiingereza. Hatuwadharau walioandika, kazi yao ni njema. Lakini mama aliyelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza Unguja mwaka 1989, akaona ile aina yenye bei nzuri inakufa kila maji yanapopata joto, alistahili kuelezwa sababu kwa lugha yake. Vilevile ule ugomvi wa nyavu za kukokota na madema kati ya Chwaka na Marumbi: pengine maneno makali yangepungua kama pande zote mbili zingekaa mbele ya hesabu moja ya samaki.

Kuna kisa ambacho twapenda kukisimulia, kwa kuwa kinachekesha kidogo. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, C. F. Hickling, alichapisha matokeo ya kazi yake huko Malacca. Alikuwa amewapandisha perege waliotoka Unguja na perege wa aina nyingine, yenye asili ya Msumbiji. Dume la Unguja lilipokutanishwa na jike la aina ile, watoto wote walizaliwa madume. Kwa mfuga samaki hiyo ni neema, maana bwawa la madume watupu halijai vitoto vilivyodumaa. Baadaye, mwaka 1966, Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya viumbe ya London aliwapa jina la kitaalamu, na ikajulikana kwamba kwao hasa ni Mto Wami, ambao mdomo wake unatazamana na kisiwa chetu. Basi wafugaji wa samaki wa Asia walilijua jina la perege wa Zanzibar, nasi tumeketi Chwaka tukisema samaki wa maji baridi hawatuhusu.

Maji baridi yetu sisi yamo chini ya miguu. Ndani ya mawe haya, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wana kanuni yao: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukiyashusha maji ya juu kidogo tu kwa pampu, chumvi hupanda sana kutoka chini. Bahari ikipanda, au masika yakichelewa, chumvi hupanda pia. Basi kisima cha kijiji kikibadilika ladha, je, ni bahari, ni masika, au ni pampu ya jirani mwenye bwawa la kuogelea? Hapa tena bila kipimo tutagombana tu, na mwenye sauti kubwa atashinda.

Anayekuja kufanya utafiti Unguja hupewa kibali na Serikali, na afikapo kijijini huanza kwa Sheha. Tunawaomba viongozi wa walei, kwa heshima na kwa kupitia kwa Sheha, wamwulize mgeni huyo mambo mawili tu: atarudi lini kutueleza alichokipata, na atatueleza kwa lugha gani. Kama ni Kiswahili, karibu. Kama hajafikiri, apewe muda afikiri.

Nasi tuanze na kidogo tulicho nacho. Tumeleta madaftari, moja kwa kila jumuiya ndogo ndogo. Kila jumuiya itachagua kisima kimoja na mtu mmoja mwaminifu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya watu kuanza kuchota, atashusha kamba yenye mafundo yaliyopimwa, aandike tarehe, kina cha maji, na kama ladha ni tamu, imechanganyika au ni chumvi. Aandike pia siku za mvua. Majirani zetu Waislamu washirikishwe tangu siku ya kwanza, maana wao ndio wenyeji, na wazee wao wanajua kisima kipi kilikuwa kitamu zamani na kilibadilika mwaka gani. Hayo nayo yaandikwe, na jina la mzee liwekwe akikubali. Kamba zimekwisha kufungwa mafundo, ziko kwa katibu wa kamati. Madaftari yakusanywe masika yakiisha, kisha tutakaa hapa hapa, pamoja na Sheha, tuyasome kwa sauti.