Chungu cha Makande ya Jana

Ndugu wakulima wa Same na milima yote ya Upare, leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala viwavi. Tunazungumza juu ya chungu cha makande.

Desturi tunaijua. Makande yanapikwa jioni, mengi, ili yatakayobaki yaliwe asubuhi kabla ya kwenda shamba. Usiku kucha chungu kiko kando ya mafiga. Asubuhi yanapashwa moto, watu wanakula. Siku nyingine, kabla jua halijawa kali, mtoto anatapika na tumbo linamsokota. Mama anashangaa: "Mbona niliyachemsha mara mbili?" Kweli aliyachemsha. Basi kosa liko wapi?

Katika udongo wamo bakteria ambao hali ikiwa mbaya hujifungia ndani ya gamba gumu na kulala. Bakteria aliyelala hivyo huitwa spora. Ni kama punje ya mahindi iliyokauka: haili, haikui, lakini i hai. Bakteria wa kawaida hufa chungu kinapochemka. Spora nyingi hazifi. Mwaka 1877 huko Uingereza, mtaalamu John Tyndall alichemsha maji yenye majani makavu ya zamani kwa saa kadhaa, na bado yakaoza.

Tena, ndugu zangu, spora hazilingani kwa ugumu. Inategemea zilikolelewa. Bakteria wa aina moja wakikulia penye joto la kadiri ya nyuzi 37, kwa kawaida spora zao huvumilia moto kuliko za wenzao waliokulia kwenye nyuzi 20. Sababu ni kwamba ndani hubaki na maji kidogo zaidi. Madini ya kalsiamu nayo huziongezea nguvu. Kwa hiyo mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo wa moto kule Makanya au Hedaru yanaweza kubeba spora sugu sana.

Na ninyi wa Mbaga na Chome msicheke. Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani ni nyuzi 100. Same mjini ni karibu 97. Penye mita 1,500 ni karibu 95. Chungu kinatokota, lakini moto wake umepungua. Basi tambarare spora huweza kuwa ngumu zaidi, na mlimani maji ya moto yana nguvu ndogo zaidi. Kote kuwili, kuchemsha peke yake hakutoshi.

Chakula kikishapoa na kuwa vuguvugu, spora huamka, huota na kuzaana. Chungu cha vuguvugu ni kitalu chao. Baadhi yao hutoa sumu ambayo hata ukichemsha tena haiharibiki. Ndiyo maana kupasha moto asubuhi hakukumsaidia yule mtoto.

Tufanye nini, basi?

Kwanza, anikeni nafaka na maharage juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kupika, osheni kwa maji mengi mara kadhaa. Spora hazitakwisha, lakini zitapungua.

Pili, pikeni kinachotosha, mle kingali moto.

Tatu, kikibaki, msikiache chunguni. Kigaweni mapema katika sufuria pana, kisizidi kina cha vidole vitatu, mziweke ndani ya beseni la maji baridi. Kisikae vuguvugu zaidi ya saa mbili. Kisha kihifadhiwe penye baridi kali, kama ndani ya jokofu. Asiye na jokofu asilaze makande. Aloweke mahindi na maharage mabichi usiku, apike alfajiri.

Nne, msidanganywe na baridi ya mlimani. Chungu kikubwa kilichofunikwa hukaa na uvuguvugu usiku kucha, hata kule Chome.

Kumwaga chakula ulichokilima kwa jasho kunauma, najua. Lakini chakula kilicholala vuguvugu kimwageni kwenye shimo la mboji. Shamba litakirudisha msimu ujao. Mtoto harudishwi na shamba.

Hadi kipindi kijacho, kwaherini, na kazi njema.