Kufunga Busta ya Breki kwenye Pikapu ya Zamani: Mazungumzo na Madereva na Mafundi, Moshi

Tumeombwa tuzungumzie swali ambalo karibu kila kamati yenye gari la zamani imekwisha kutuuliza: je, pikapu isiyo na busta ya breki inaweza kufungiwa busta? Jibu ni ndiyo. Lakini tumekuja pia kuwaeleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili ninyi msilirudie.

Pikapu yetu ni ya petroli, ya miaka ya 1970, na breki zake zilitegemea nguvu ya mguu peke yake. Mnazijua barabara zetu. Kutoka lango la hifadhi pale Marangu hadi Moshi mjini gari hushuka karibu mita 1,000. Likiwa na ndizi na magunia ya kahawa, tena wakati wa masika, dereva hufika chini mguu unatetemeka. Ndiyo sababu tuliamua kufunga busta.

Busta ni nini? Ni kopo pana la bati lililogawanywa ndani kwa mpira. Injini hunyonya hewa iliyomo. Dereva anapokanyaga pedeli, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande mmoja tu, nayo husukuma mpira kuelekea upande usio na hewa. Mpira huo ndio unaousaidia mguu kusukuma masta silinda. Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe kupitia manifodi yake. Injini ya dizeli huhitaji pampu maalumu ya kunyonya hewa. Kwenye Toyota nyingi za dizeli pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Kwa hiyo mwenye dizeli asinunue kopo peke yake akadhani amemaliza.

Tena hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye mita 1,800 msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani, na msaada wa busta hupungua pia. Gari lililojaribiwa Tanga likaonekana zuri linaweza kuhitaji mguu mzito zaidi Marangu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, tengenezeni breki zilizopo. Busta huusaidia mguu. Haiponyi lainingi zilizokwisha, dramu zenye mikwaruzo wala silinda za magurudumu zinazovuja. Tena, paipu iliyooza ikipata msukumo mkubwa zaidi ndipo hupasuka.

Pili, angalieni masta silinda. Pikapu nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki: likivuja gurudumu moja, breki zote zimekwenda. Wekeni masta silinda ya njia mbili, ili njia moja ikifa nyingine ibaki. Kamati yenye fedha za kazi moja tu ianze na hii, busta ingoje.

Tatu, busta ya mtumba ipimwe kabla ya kulipwa. Mkikuta mafuta ya breki ndani ya kopo, masta silinda iliyokuwa imefungwa nayo ilikuwa inavuja, na huenda mpira wa busta umeharibika. Bati linalotenga injini na dereva liongezewe sahani ya chuma, maana likinepa pedeli nayo hunepa. Mpira wa kunyonyea hewa uwe mgumu usiobonyea, na vali yake ya njia moja isisahauliwe. Na mafuta yawe ya breki tu. Mafuta ya injini huvimbisha raba zote za ndani.

Nne, pimeni. Injini ikiwa imezimwa, kanyageni pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Endeleeni kuikanyaga, kisha washeni injini. Pedeli ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, gari lisitoke gereji. Baada ya hapo lipelekeni kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani.

Sisi tuliyafanya yote haya, na bado tulikosea. Wiki ya tatu baada ya kufunga busta, dereva wetu, mzee wa uzoefu mwingi, alikuwa anashuka kutoka Uru. Tangu zamani alizoea kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli, na sisi kwenye kamati tulikuwa tukimsifu kwa kubana matumizi. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Alikanyaga mara ya kwanza, breki ikashika. Mara ya pili ikashika kidogo. Mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Injini iliyozimwa hainyonyi hewa, na akiba iliyokuwamo kwenye kopo ilikuwa imekwisha. Zaidi ya hayo, masta silinda tuliyofunga pamoja na busta ilikuwa pana kuliko ile ya zamani, hivyo mguu peke yake uliweza kidogo kuliko hata mwanzo. Mzee akaliegemeza gari kwenye ngema kwa makusudi, likasimama migombani. Mama mmoja aliyekaa mbele alivunjika mkono.

Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, na gharama za matibabu tukazibeba sisi. Mzee alitaka kuacha kazi kwa aibu. Tulimwambia kosa ni letu: tulibadilisha gari bila kumfundisha mwenye kuliendesha.

Tangu siku hiyo tuna kanuni tatu, zimebandikwa ndani ya gari mbele ya dereva. Injini haizimwi mteremkoni, wala gari haliachwi bila gia. Mteremko hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandia, maana dramu zikichemka, busta haisaidii kitu. Na dereva yeyote mpya hujaribu gari likiwa tupu, na kamati ikiwapo, kabla ya kukabidhiwa watu.

Ndugu zetu, busta ni msaada mzuri, na leo mzee wetu anashuka mlima bila kutetemeka mguu. Mkirudi nyumbani na kuamua kufunga, siku ile gari linapotoka gereji, mwiteni dereva wenu kwanza, mkae naye, mmweleze. Saa moja inatosha. Sisi hatukuitoa saa hiyo, na mama wa watu akavunjika mkono.

Sasa twendeni nje, pikapu ipo, kila mmoja aikanyage pedeli.