Kununua Nyumba Jirani na Mradi wa Nyumba za Bei Nafuu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi na wanachama wa vikundi vya akiba na mikopo, Nairobi. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo lililoleta mabishano katika vikundi vyetu. Mwanachama amechanga miaka mingi, amepata nyumba ndogo, na bei ameiweza. Kisha anasikia kwamba uwanja ulio nyuma ya ukuta utajengwa nyumba za bei nafuu. Wengine wanamwambia akimbie, kwani wezi watakuja na thamani itaanguka. Wengine wanamwambia akope anunue upesi, kwani barabara na stima zinakuja na bei itapanda maradufu. Pande zote mbili zinasema kwa uhakika mkubwa. Leo tuyapime maneno yao, maana fedha inayozungumziwa ni jasho la nusu ya maisha ya mtu.

Wanaokuja ni akina nani?

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imewataja kwa kipato. Nyumba za jamii ni za wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba za bei nafuu ni za wenye mapato kati ya shilingi 20,000 na 149,000. Sasa tutazamane hapa ukumbini. Mwalimu yumo, muuguzi yumo, dereva na fundi cherehani wamo. Kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba hizo, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Basi jirani tunayemwogopa tunaketi naye benchi moja, na huenda akawa binti yetu aliyeanza kazi juzi.

Tena sheria hiyo inasema mwenye kununua nyumba hizo hawezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi. Mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kutunza mahali anapoishi.

Yaliyotokea Mount Laurel

Hofu hii haikuanzia kwetu. Katika mji wa Mount Laurel, jimbo la New Jersey, Marekani, familia za Wamarekani weusi zilikuwa zimeishi kwa vizazi kadhaa. Nyumba zao zilichakaa, na nyumba mpya zilizojengwa hawakuziweza. Waliomba ruhusa ya kujenga nyumba 36 za kupangisha. Mwaka 1970 meya alikwenda kanisani kwao na kuwaambia kwamba wasioweza kumudu maisha ya mji huo watalazimika kuondoka. Miongoni mwa waliokataa kuondoka alikuwa mama mmoja, Ethel Lawrence. Kesi ilifunguliwa mwaka 1971, na Mahakama ya Juu ya jimbo iliwapa haki mwaka 1975 na tena mwaka 1983. Hata hivyo mama huyo alifariki mwaka 1994 kabla nyumba hazijajengwa.

Zilipojengwa, kuanzia mwaka 2000, zilipewa jina lake. Jumla yake ni 140. Majirani walikuwa wamepinga sana kwa hoja zile zile tunazozisikia hapa: uhalifu, kodi, thamani ya nyumba. Baadaye mwanasosholojia Douglas Massey na wenzake walichunguza mji huo na miji inayofanana nao, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Hawakuona kwamba mradi ule uliongeza uhalifu, wala kupandisha kodi, wala kushusha thamani ya nyumba za jirani. Baadhi ya majirani hawakuwa hata na habari kwamba nyumba hizo zipo.

Tusidanganyane

Lakini Mount Laurel ni nyumba 140 zilizojengwa vizuri na kusimamiwa vizuri. Huku kwetu miradi ni mikubwa. Kule Mukuru, hapa Nairobi, nyumba za kwanza zilizokabidhiwa mwezi Mei 2025 zilikuwa 1,080, zote za ghorofa. Watu wengi kiasi hicho wanahitaji maji, wanatoa maji taka, wanapita barabarani, na watoto wao wanahitaji madarasa. Hivyo visipopanuliwa, jirani ataumia, na mkazi mpya ataumia pamoja naye. Kinachoshusha thamani ya nyumba yako ni maji taka yanayopita mlangoni, wala si mshahara wa mtu aliye ng'ambo ya ukuta.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, hati na mipaka. Fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, au kupitia Ardhisasa kwa ardhi ambazo kumbukumbu zake zimekwisha kuingizwa humo. Tumia wakili wako mwenyewe, usitumie wa muuzaji. Kisha mlete mpima ardhi atafute mawe ya mipaka. Hili lina uzito zaidi ukipakana na ardhi ya umma. Kama muuzaji alisogeza ukuta akala hatua tatu za uwanja, tingatinga la mradi litazirudisha, na hasara itakuwa yako.

Pili, ramani ya mradi. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize: nyumba ngapi, ghorofa ngapi, lango litakuwa upande gani? Mradi mkubwa hupaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya mamlaka ya NEMA. Omba kuisoma ripoti hiyo. Ghorofa kumi karibu na ukuta wako zitakunyima jua la asubuhi, na watu watakuona unapoanika nguo. Afadhali ujue mapema.

Tatu, maji. Waulize wakazi wa hapo, siyo dalali, mfereji hutoa maji siku ngapi kwa wiki. Uliza bomba la maji taka la mradi litaungwa wapi.

Nne, hesabu. Nunua nyumba ambayo utaimudu hata kama mradi hautajengwa kamwe. Mwezi Desemba 2017 serikali ilitangaza mpango wa nyumba 500,000 ifikapo 2022, na lengo hilo halikufikiwa. Makato ya nyumba ya mwaka 2023 yalipingwa, na Mahakama Kuu ikasema mwezi Novemba mwaka huo kwamba yanakiuka Katiba; sheria mpya ikaja Machi 2024. Mipango ya namna hii huchukua muda na hukutana na mabonde. Asikopeshwe mtu kwa kutegemea bei itakayopanda. Kumbuka pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani katika miji, na malipo ya wakili. Na kama nia yako ni kupangisha, fahamu kwamba nyumba mpya zitashindana na yako kwa wapangaji wale wale.

Wajibu wetu kama majirani

Kikundi kimoja kimetuomba tutie sahihi barua ya kupinga mradi katika mtaa wao. Tumeisoma. Ina madai matatu. Mawili, la maji taka na la barabara, ni ya haki kabisa. La tatu linasema wakazi wapya wataharibu tabia za watoto. Tumewajibu kwamba mawili ya kwanza tutayabeba pamoja nao hadi kwenye kikao, na la tatu hatutalitia sahihi. Najua wapo waliokasirika, na wengine wako hapa leo. Lakini wengi wetu tulifika mjini huu tukiwa wageni wa mtu fulani aliyetusogezea nafasi.

Katiba ya 2010 imetupa ushirikishwaji wa umma. Twende vikaoni, tusingoje kulalamika baadaye. Tudai mitaro, madarasa, zahanati na njia za waendao kwa miguu. Tuulize pia wachuuzi na wapangaji walio kwenye uwanja huo sasa watahamishiwa wapi, maana mara nyingi hao hawaalikwi. Tuyaandike maswali, tubaki na nakala, na tudai majibu kwa maandishi.

Na wewe mwenye fedha mkononi, kabla ya kulipa amana leta karatasi zako ofisini tuzisome pamoja. Haturuhusu wala hatukatazi. Uamuzi ni wako na wa nyumba yako.