Mali Ikishauzwa, Mwenyewe Ni Nani?

Mji wa Gisenyi, ulio katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi la Rwanda, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu na kupakana moja kwa moja na mji wa Goma ulio katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya miji hiyo miwili hakuna mto wala mlima unaoitenganisha. Uko mpaka uliowekwa zamani za wakoloni, na viko vituo vya kuvukia. Kituo kinachotumiwa zaidi na waendao kwa miguu huitwa Petite Barrière. Kabla ya mpaka kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kila siku. Wengi wao ni akina mama wenye mitaji midogo, ambao hununua upande mmoja na kuuza upande wa pili ili watoto wao wale na wasome.

Mahali kama hapo ni shule kwa mtu anayetaka kuelewa biashara ya dunia. Hapo linajitokeza waziwazi swali ambalo kwa miaka mingi sasa limewashughulisha wenye viwanda vya saa za anasa huko Uswisi, ingawa wao hawaitazami kabisa Gisenyi. Swali lenyewe ni hili: kitu kikishauzwa, ni nani mwenye haki ya kuamua kiuzwe tena wapi, kwa bei gani, na mkononi mwa nani?

Ni vema kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa, ama kwa kutojua, ama kwa makusudi. Jambo la kwanza ni bidhaa bandia: saa iliyoandikwa jina la kiwanda ambacho hakikuitengeneza. Huo ni udanganyifu, na hauna mtetezi. Jambo la pili ni magendo: bidhaa halisi iliyovushwa mpakani bila ya kulipiwa ushuru. Hilo ni kosa dhidi ya Serikali na dhidi ya mfanyabiashara anayelipa kodi. Jambo la tatu ni bidhaa halisi, iliyonunuliwa kwa fedha halali, na pengine kulipiwa ushuru wote, lakini ikauzwa na mtu ambaye kiwanda hakikumteua kuwa wakala wake. Hiyo ndiyo biashara ya mlango wa nyuma ambayo makampuni ya saa yanataka kuikomesha.

Makampuni hayo yametumia njia nyingi. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampuni ya Richemont, yenye chapa ya Cartier na nyinginezo, ilikuwa imenunua tena kutoka kwa wauzaji saa zake zenyewe za thamani ya karibu yuro milioni 480 katika muda wa miaka miwili, na baadhi ya saa hizo zikavunjwa. Hazikuwa mbovu. Zilivunjwa ili zisije zikauzwa kwa bei ya chini na watu wasiotakiwa. Mwezi Desemba 2022, kampuni ya Rolex ilianzisha utaratibu wake wa kuidhinisha saa zilizokwisha kutumika, zipate kuuzwa na mawakala wake wenyewe. Mwezi Agosti 2023, kampuni hiyo ikatangaza kuinunua Bucherer, mmoja wa wauzaji wakubwa wa saa ulimwenguni. Kwa maneno mengine, kiwanda sasa kinataka kulishika soko tangu saa inapozaliwa mpaka inapouzwa mara ya pili.

Kampuni nyingine ilikwenda mahakamani. Kampuni ya Omega iliuza saa zake kwa mawakala wa nchi za nje. Saa hizo zilipita mikono kadhaa, zikapitia nchi ya Paraguay, na mwaka 2004 zikaonekana katika maduka ya Costco huko Marekani. Costco iliziuza kwa dola 1,299, wakati bei iliyopendekezwa na Omega ilikuwa dola 1,995. Saa zilikuwa halisi, na hakuna aliyedai kwamba ziliibwa. Lakini Omega ilikuwa imechora nyuma ya kila saa alama ndogo ya tufe la dunia, na alama hiyo ikaandikishwa kama mchoro wa sanaa wenye hakimiliki. Hivyo ikadai kwamba aliyeiingiza saa Marekani bila idhini ameingiza mchoro wake bila idhini. Mwaka 2010 majaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani waligawanyika nusu kwa nusu, 4 kwa 4. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la mwanafunzi aliyeuza Marekani vitabu vilivyonunuliwa Thailand, iliamua kwamba haki ya mwenye hakimiliki kuzuia uuzaji hukoma baada ya nakala kuuzwa kihalali mara ya kwanza, hata kama iliuzwa nchi ya nje. Mwezi Januari 2015 Omega ikashindwa.

Barani Ulaya mambo yalikwenda kinyume. Kiwanda cha miwani cha Silhouette cha Austria kiliuza huko Bulgaria, mwaka 1995, fremu za mtindo uliokwisha kupitwa na wakati. Fremu hizo zilirudi Austria na kuuzwa kwa bei nafuu. Mwaka 1998 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mwenye chapa anaweza kuzuia bidhaa yake mwenyewe isirudi kutoka nje ya eneo la soko la Ulaya bila ya ridhaa yake. Ni dhahiri basi kwamba jambo hili halina jibu lililoshuka kutoka mbinguni. Kila dola imechagua kwa kutazama masilahi yake.

Hapo ndipo Gisenyi inapokuwa na la kufundisha. Katika mji huo kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoanzishwa mwaka 1957, na ambacho tangu mwaka 1971 kimekuwa chini ya kampuni ya Heineken ya Uholanzi. Bia yake mashuhuri ni Primus. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, bia iitwayo Primus imetengenezwa kwa miongo mingi na kampuni ya Bralima, ambayo nayo kwa muda mrefu ilikuwa chini ya Heineken hiyo hiyo. Jina moja, nchi mbili, sarafu mbili, kodi mbili na bei mbili. Mtu akinunua kreti upande ulio rahisi na kuivusha, bia aliyoibeba si bandia. Kinachomvuta ni tofauti ya bei, na tofauti hiyo hakuiweka yeye.

Lakini mfano mkubwa zaidi wa mpaka huo ni nguo za mitumba, ambazo Wanyarwanda huziita caguwa. Mwezi Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza na hatimaye kukomesha uingizaji wa nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa, ili viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki vipate nafasi ya kukua. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, yaani mara 12 na nusu. Makusudio yake yalikuwa mema. Hakuna taifa lililopata kujenga viwanda vya nguo huku soko lake limejaa nguo ambazo matajiri wamezichoka.

Mara wakajitokeza waliodhurika. Chama cha wauzaji wa mitumba cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao mwaka 2017, na mwaka huo haukwisha kabla ya Kenya kurudi nyuma, na baadaye Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo wake. Tarehe 30 Julai 2018, Marekani ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru chini ya sheria ya AGOA.

Msikilizaji na alinganishe mambo hayo mawili. Kiwanda cha saa kinapotaka kuzuia saa zake zisiuzwe tena ovyo, jambo hilo huitwa kulinda heshima ya chapa. Nchi maskini inapotaka kuzuia nguo zilizochakaa zisiuzwe tena katika ardhi yake, jambo hilo huitwa kizuizi cha biashara huru, na adhabu hufuata. Ni kweli kwamba wenye saa ni Waswisi na wauza mitumba ni Wamarekani, wala hawakukaa baraza moja kupanga shauri hilo. Hata hivyo kanuni inayotumika ni ile ile: mwenye nguvu ndiye anayeamua lini uuzaji wa mara ya pili ni haki na lini ni kosa. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu.

Pamoja na hayo, haki ya Rwanda haifuti ukweli wa mpakani. Mitumba iliendelea kuingia Goma. Robota ambalo halikuweza kupita forodhani kwa faida lilifunguliwa, likagawanywa, likapita usiku kwa njia za panya. Wengine walivaa nguo juu ya nguo, wakavuka mchana kweupe. Huko Rubavu wavushaji hao hujulikana kwa jina la abacoracora, na mara kwa mara hukamatwa na shehena zao kutaifishwa. Anayekamatwa mara nyingi si mwenye mtaji. Ni kijana au mama aliyelipwa ujira mdogo ili abebe mzigo wa mtu ambaye jina lake halitajwi. Tajiri hupoteza robota moja, mchukuzi hupoteza uhuru wake.

Historia ya Afrika Mashariki imekwisha kulisema jambo hili zaidi ya mara moja. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani kote. Wakulima wa Uganda chini ya utawala wa Idi Amin walikuwa wakilipwa bei duni na bodi yao. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya kwa magendo, na kituo kidogo cha mpakani cha Chepkube kikavuma kwa utajiri. Askari walipelekwa, lakini kahawa iliendelea kuifuata bei.

Nchini Tanzania, mwezi Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilifichuliwa, na wananchi wengi walifurahi, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuona sabuni na khanga zikiuzwa kwa mlango wa nyuma. Lakini kufichua ghala si kujaza duka. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na rafu zikaanza kupata vitu. Kampeni ilionyesha ushupavu wa uongozi. Uhaba wenyewe ulihitaji dawa nyingine.

Mafunzo ya mambo hayo ni matatu. La kwanza ni kwamba tofauti kubwa ya bei kati ya sehemu mbili zilizo jirani haiwezi kulindwa na askari peke yake. Kiwanda cha saa kinachotoa saa chache kwa makusudi ili bei ipande, kisha kikalalamika kwamba watu wanazilangua, kinalalamikia kivuli chake. Na Serikali inayopandisha ushuru mara 12 katika mpaka ambao mtu huuvuka kwa dakika chache, haina budi kuhakikisha kwamba viwanda vya ndani vinatoa nguo ambayo mkulima anaweza kuinunua. Ushuru hununua muda tu. Muda huo usipotumiwa kujenga, hubaki kuwa mzigo wa mnyonge.

La pili, mataifa ya Afrika Mashariki yasikubali kuchanganyiwa bidhaa bandia na bidhaa halisi isiyopitia kwa wakala. Mkanganyo huo unaweza kuua watu. Sheria ya Kenya ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 inaruhusu kuingiza dawa halisi iliyokwisha kuuzwa kihalali katika nchi nyingine, bila ya kumwomba ruhusa mwenye hataza. Na mwezi Aprili 2012, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 vilihatarisha haki ya wagonjwa kupata dawa za bei nafuu za UKIMWI. Kanuni inayotungwa kwa kisingizio cha kulinda saa ya tajiri inaweza kesho kumfungia maskini mlango wa duka la dawa.

La tatu ni kuhusu wale wanaovuka kwa miguu. Wapo wanaosema kwamba mchuuzi wa mpakani ni mhalifu aliyekosa kukamatwa. Kauli hiyo si ya haki. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Gisenyi na Goma zikawa, kwa maandishi, miji ya Jumuiya moja. Maandishi hayo hayakuondoa vita wala uhasama, na mwezi Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23. Lakini katika hali zote hizo akina mama wa pande mbili wamekuwa wakitafutana sokoni. Mchuuzi wa aina hiyo anastahili utaratibu mfupi, ushuru anaoujua mapema, na risiti inayomlinda dhidi ya afisa mwenye tamaa. Akipewa njia halali iliyo nyepesi kuliko njia ya panya, ataifuata, maana hakuna anayependa kutembea gizani na mtoto mgongoni.

Saa ya Uswisi itaendelea kuuzwa mara ya pili na ya tatu, hata kiwanda kikinunua maduka yote ya dunia. Nguo nayo itaendelea kutafuta mvaaji. Kazi ya Serikali za Afrika Mashariki ni kuamua zenyewe, kwa kutazama masilahi ya wananchi wao, kipi kizuiwe, kipi kiruhusiwe na kwa sababu gani, kisha zihakikishe kwamba gharama ya uamuzi huo haiwaangukii wabeba mizigo peke yao.